Kazi Nzuri, Lameki

Buganguzi, Muleba
16 Machi 2025

Kwa Kokushubila, mke wangu mdogo asiyejua kupika,

Kama unasoma hii ukiwa umesimama, kaa. Sina habari mbaya, ni mwandiko wangu tu unaochosha miguu ya watu. Mimi babu yako Gozbert ni mzima. Goti la kushoto linauma, la kulia limeanza kuliiga. Kicheche amechukua kuku wawili, wale weupe. Mvua inanyesha. Joyness, mke wa Ayubu jirani yetu, anakusalimu. Ayubu hasalimii mtu tangu anunue redio.

Barua hii nimempa Datius, dereva wa lori la ndizi, akuletee huko Kashai. Najua kuna simu. Kwenye simu nakuuliza hujambo, unasema nzuri. Nakuuliza umekula, unasema nzuri. Vocha inaisha mtu ameniambia neno moja. Karatasi angalau ina pande mbili.

Sasa neno lenyewe. Joyness anasoma kozi ya migomba kwenye simu yake kubwa, na ameniambia mkufunzi ni wewe. Nikajivuna hapo hapo, nikasema damu yangu hiyo. Akaniambia subiri kwanza. Anasema akituma zoezi, kabla hajaweka simu mezani jibu limefika: "Kazi nzuri, Joyness. Endelea hivyo hivyo." Siku ya kwanza alimwonyesha Ayubu. Siku ya pili alimwonyesha shemeji yake. Zoezi la tatu halikuwa na kazi, lilikuwa swali, aliuliza mbolea ya ng'ombe iwekwe mbichi au ioze kwanza. Akajibiwa kazi nzuri.

Akaniuliza, "Mzee Gozbert, huyu mjukuu wako anasoma?"

Nikamwambia, "Amesoma, ana diploma."

Akasema, "Sikuulizi kama amesoma. Nakuuliza kama anasoma."

Nikasingizia goti.

Kumbe hiyo kazi nzuri mnaiita mrejesho. Mimi nilidhani mrejesho ni kama kile kikapu. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akipeleka ndizi kwa Joyness. Joyness alikirudisha kikapu siku hiyo hiyo, na ndani ameweka kitu, hata nyanya chungu tatu. Sasa wewe unakirudisha haraka kuliko Joyness, ila ndani hamna kitu.

Basi na mimi nimejiandikisha. Usicheke. Natumia simu ya Joyness. Jina nililoandikisha sikuambii, utanitambua kwa kazi yangu.

Kule chini kwa mama yako hakujambo. Yale mashina matano ya migomba aliyoyapanda aliporudi hapa nyumbani na wewe mgongoni yamesimama, na yeye yuko katikati yake kama tulivyomwacha Januari. Shina moja lina jani la njano. Ni jani moja tu. Msalaba wake nao unang'aa, ile rangi ya bluu niliyopaka mwenyewe pamoja na jina lake. Watu wote wa mazishi waliusifu. Hata wewe ulisema nzuri.

Nimechoka kuandika, si kwamba nimemaliza.

Babu yako,
Gozbert


Kashai, Bukoba
5 Aprili 2025

Babu, Waitu, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Chumba bado ni kile kile. Mvua inanyesha na huku.

Kazi inaendelea vizuri. Wanafunzi ni mia mbili na kumi na wawili. Chuo kimenipa cheti cha mkufunzi anayejibu haraka kuliko wote. Kipo kwenye bahasha.

Pole kwa goti. Pole kwa kuku. Msalimie Joyness, mwambie mbolea ioze kwanza.

Pasaka sitaweza kuja, kuna kazi nyingi.

Mjukuu wako,
Kokushubila


Buganguzi
20 Aprili 2025, Pasaka

Kokushubila,

Pasaka imefika. Wewe hukufika. Tumekula ndizi na maharage, mimi na Joyness na Ayubu na redio ya Ayubu. Goti la kulia sasa linauma kuliko mwalimu wake. Hatukumlilia mtu. Mimi mwenyewe nimejaribu, machozi hayatoki, nimeacha.

Utaona nimekurudishia barua yako humu ndani. Usikasirike. Nimeazima kalamu nyekundu kwa katekista nikaisahihisha. Maneno yote yapo sawa, mwandiko mzuri, hakuna kosa. Ndiyo maana nimekupa mbili katika kumi. Moja ni ya mbolea ya Joyness, na moja ni ya heshima, Waitu na shikamoo.

Nikueleze jinsi nilivyofundishwa mimi, maana mimi na darasa la nne langu sina cheti kwenye bahasha. Mwalimu Kamala hakuchukua daftari kwenda nalo nyumbani. Ulisimama mbele yake, akasoma wewe unamwona, na kidole chake kikatembea. Mimi kosa langu lilikuwa moja, lile la Wahaya wengi, L na R. Niliandika, "Mama amekwenda sokoni, sisi tuko nyumbani tunakura." Kidole kikasimama hapo. Akasema, "Gozbert, mnakula au mnapiga kura?" Darasa zima likacheka, na mimi kabla sijarudi kwenye benchi nilishajua nimekosea wapi. Baadaye nilikosea tena, hizo herufi mbili hatujawahi kupatana. Ila nilijua kwamba nakosea, na wapi. Angenirudishia baada ya mwezi na kuandika kazi nzuri, ningekuwa ninakura mpaka leo.

Haya, nikutajie jina langu la shule. Ni Lameki. Sasa fungua hiyo mashine yako uone kazi za Lameki.

Lameki ni mbuzi. Ni yule beberu aliyeletwa kwa ajili ya matanga, tukasahau kumchinja. Nimempa jina la marehemu Lameki fundi baiskeli kwa sababu ya ndevu. Zoezi la kwanza lilisema tuma picha ya shamba lako. Mimi nikamwambia Joyness ampige picha Lameki akitafuna jani la mgomba, nione utasema nini. Ukasema, "Kazi nzuri, Lameki. Endelea hivyo hivyo." Nilimsomea. Ameendelea.

Zoezi la pili, eleza changamoto za shamba. Nikaandika majina ya kuku wangu wote na tabia ya kila mmoja. Ukajibu, "Umejitahidi, Lameki. Ongeza mifano." Mifano sina, kicheche ameimaliza.

Tulicheka, mimi na Joyness. Halafu nikatuma la tatu, na hilo halikuwa mzaha. Ilikuwa tarehe 29 Machi. Picha ya shina la mgomba. Jani la njano lilikuwa limelala, na mkungu umeanza kuiva kabla ya wakati wake, ndizi zikiwa changa. Nilipokata shina, ukatoka usaha wa njano. Nikaandika hayo yote, nikauliza: nifanye nini?

Nilikuwa bado nimeshika simu. Ikalia.

"Kazi nzuri, Lameki. Endelea hivyo hivyo."

Nimeendelea. Sasa ni mashina matatu.

Mimi,
Mwanafunzi wako Lameki, kwa mkono wa Gozbert


Kashai
11 Mei 2025

Babu, Waitu, shikamoo.

Barua nimeipata na ile nyingine nyekundu nimeiona. Mimi mzima. Mwenye nyumba ameezeka upya, bati halivuji tena.

Babu, nisamehe kwa majibu yale. Nikueleze yalivyo. Kwenye mfumo wa chuo kuna sentensi tatu zimewekwa tayari. Unabonyeza moja, jina la mwanafunzi linajiweka lenyewe, inakwenda. Chuo kinahesabu saa tu. Ukijibu ndani ya siku tatu wewe ni mzuri, ndani ya saa moja ni mzuri zaidi. Kilichomo kwenye jibu hakuna anayekihesabu. Mwaka jana nilikuwa naandika mwenyewe, kila mtu kwa kazi yake, na nilikuwa wa mwisho kwenye orodha. Tangu Januari nabonyeza. Sijui nikuelezeje. Nafungua kazi ya mtu, naona herufi, haziingii. Kidole kinabonyeza.

Sio kwamba nina huzuni. Ningekuwa na huzuni ningekuambia.

Kuhusu shina hilo, Babu, muulize bwana shamba. Yeye yuko karibu, atakuja aone kwa macho. Mimi kwa picha siwezi kusema.

Wasalimie.

Kokushubila


Buganguzi
8 Juni 2025

Kokushubila,

Magoti yote mawili yanakusalimu. Kahawa imeanza kuiva. Katekista anadai kalamu yake, nimemwambia bado nina kazi ya kusahihisha. Barua yako hii imepata tano. Ulipoandika kwamba kidole kinabonyeza, hapo nimeweka alama ya vema. Ulipoandika kwamba huna huzuni nimeweka alama ya kuuliza.

Nimemwita bwana shamba kama ulivyoagiza. Protase, unamjua, yule mwenye pikipiki inayokohoa. Kabla hajashuka nilikuwa nimeshajua atasema nini. Muleba nzima inajua mnyauko, hata wanaonyonya. Akatazama, akasema, "Mzee, huu ni mnyauko. Kata. Ukichelewa kibanja chote kitakwenda."

Nikasema, "Ndiyo, bwana Protase."

Akasema, "Unakata lini?"

Nikasema, "Wewe tafuna kahawa kwanza." Nikamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kiganja, tukaongea habari za pikipiki, akaenda.

Sikukata. Jana nimehesabu mashina sita. La sita liko huku juu, karibu na nyumba, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Kibanja hiki nimekipata kwa baba yangu, na yeye kwa baba yake, na mpaka leo mlo wangu unatoka humu. Nayajua yote hayo, kwa hiyo usiniandikie hayo.

Nikuambie kitu kingine badala yake. Mama yako alipokuwa na miaka tisa nilimpeleka kuchuma kahawa mara ya kwanza. Alikuwa anachuma mbichi na mbivu pamoja, anatia zote kikapuni, mikono miepesi kama yako ya kubonyeza. Sikumwambia kazi nzuri. Nilisimama karibu naye, akishika tunda nasema hii bado, hii sawa, hii bado, hii bado. Asubuhi moja tu. Mchana alikuwa anachuma kuliko mimi. Halafu akanitazama miguuni akasema, "Tata, na wewe umekanyaga mche." Kweli nilikuwa nimesimama juu ya mche.

Ndiyo mrejesho huo. Sikuwa na jina lake.

Sasa nakuuliza tena lile swali la Lameki, na safari hii nauliza kwa karatasi, haina kitufe. Shina limeumwa. Nifanye nini?

Gozbert


Kashai
22 Juni 2025

Babu, Waitu, shikamoo.

Mimi mzima. Hapana. Nimeandika mzima kwa mazoea. Sijui kama mimi mzima. Nakula, nalala, naenda dukani. Watu wananiita Koku, naitika.

Babu, nilikudanganya. Picha ya tarehe 29 Machi niliifungua. Nilikuwa nimeshika simu, nikaikuza kwa vidole. Pembeni upande wa kushoto kuna kipande cha msalaba wa bluu. Nikajua ni shina gani na nani alilipanda. Sikujua kama Lameki ni wewe, lakini nilijua mtu huyo amesimama wapi. Nikabonyeza. Siku hiyo nikabonyeza na wengine wote waliobaki, arobaini na kitu, sikufungua hata mmoja. Wiki ile ile nikapewa cheti.

Na wewe pia ulijua, Babu. Ulijua mnyauko kabla yangu. Hukuuliza kwa sababu hujui. Ulitaka nitamke mimi.

Basi natamka. Hii ni kazi ya Lameki, nimeisoma mara nne.

Lameki, umeeleza dalili vizuri, nyingi kuliko wanafunzi wote: jani, mkungu, usaha. Mpangilio wako pia ni mzuri, ulianza na kinachoonekana kwa nje ukaishia ndani. Ulichokosa ni hiki. Ulikata shina ili uone usaha, hukusema kama panga ulilisafisha. Kama hukulisafisha, uliupeleka ugonjwa mwenyewe kwenye shina la pili. Kila ukikata mgomba mmoja, pitisha panga kwenye moto mpaka usiweze kuligusa, ndipo uende kwa mwingine. Kata ule unaoumwa chini kabisa usawa wa ardhi, usiung'oe, usichimbe. Majani na magogo yalaze hapo hapo, usiyaburute kibanjani. Migomba mizima iliyozaa, lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu livunje kwa kijiti chenye panda, usitumie panga, maana nyuki wanaubeba ugonjwa kutoka huko. Mahali ulipokata usipande mgomba kwa miezi sita. Panda maharage.

Kosa la pili ni langu, na ni kubwa kuliko lako. Jana nimefungua zoezi lako la kwanza, lile la mzaha. Babu, itazame tena ile picha. Jani analotafuna mbuzi ni la njano. Amefungwa kamba kwenye shina la mama. Mbuzi akitafuna mgomba unaoumwa halafu ukamhamishia kwenye mwingine, anahama nao. Jibu la swali lako lilikuwa kwenye picha ya kwanza, wiki mbili kabla hujauliza. Ningeiangalia, lingekuwa shina moja.

Kwa hiyo kata, Babu. Kata migomba ya mama yote inayoumwa. Ninasema mimi.

Na kuna jambo jingine. Tangu Januari nalibeba. Jina la mama kwenye msalaba umeandika LESTITUTA. Linaanza na R. Niliona siku ile ile rangi ikiwa mbichi, na padri aliona, na kila mtu. Tulisema nzuri.

Kokushubila


Buganguzi
14 Septemba 2025

Kokushubila,

Umri wangu na wa magoti yangu unaendelea. Kicheche amekamatwa na Ayubu, alikuwa anasikiliza redio kwenye banda la kuku. Joyness ameanza kujibiwa kwa sentensi ndefu, anasema zoezi lake la mwisho umemrudishia makosa saba, na anatembea nayo akionyesha watu kama picha za harusi.

Barua yako ya Juni nimeipata mwisho wa Julai. Lori la Datius liliharibika, likakaa gereji Muleba wiki tano, na barua imekaa humo chini ya kiti pamoja na pasi ya makaa ya mtu. Datius ameniletea akaniomba radhi. Nikamwambia mbona umewahi, wengine hubeba neno tangu Januari.

Nilikaa kimya hizi wiki zote kwa sababu nilikuwa nafanya zoezi. Sasa natoa taarifa.

Nilipoisoma barua, mashina yalikuwa manane. Matano ya mama yako yote, na matatu huku juu. Nikawasha moto pembeni. Nikaanza na haya ya huku juu kwa uoga. Nakata, napeleka panga kwenye moto, nasubiri, nakata. Ayubu alikuja akasimama, redio ameizima, sijawahi kumwona hivyo. Akasema, "Mzee, nikusaidie kukata yale ya chini?" Nikasema hapana. Akabaki kunichochelea moto.

Ya chini nimeyakata mimi. Mashina matano yalikuwa na migomba kumi na saba, nimekwenda kwenye moto mara kumi na saba. Ulisema usawa wa ardhi, nimeinama mpaka ardhini, magoti yanashuhudia. Nilidhani nitasikia kitu. Sikusikia kitu. Nilichoka tu. Mgomba ukianguka una sauti ya maji, unajua. Nilipomaliza nikanawa mikono nikala.

Ni kweli nilijua tangu jani la kwanza. Mimi ndiye niliyemzika, nikaona tena niwe mimi wa kumkatia na migomba yake, kwa akili yangu mwenyewe? Nikasema acha aniagize mtu. Na mtu mwingine wa kuniagiza hilo sina, ni wewe. Sikufikiri kwamba nawe ni mtoto wake. Hapo nipe sifuri.

Kuhusu Lameki umeandika kweli. Nilimfunga kule ili mama yako asiwe peke yake. Halafu nikawa namhamisha kila siku, leo shina hili, kesho lile, apate kivuli. Mimi mwenyewe kwa kamba yangu. Sasa nimempeleka kwa Ayubu, anafungwa uani, mbali na migomba. Panga nalo umekisia sawa, sikulipitisha kwenye moto ile siku ya kwanza. Nililifuta kwenye suruali.

Migomba mingine imesimama. Maua yote nimeyavunja kwa kijiti chenye panda. Naipitia kila asubuhi, natazama jani kwa jani, na hii ni wiki ya sita sijaona njano. Protase amekuja akasema kazi nzuri. Nikamuuliza, nzuri wapi? Ikabidi azunguke kibanja chote akinionyesha.

Sasa kule chini ni peupe. Ukisimama mlangoni unamwona moja kwa moja, zamani majani yalimficha. Wiki mbili za kwanza nilikuwa natokea mlango wa nyuma. Siku hizi natokea wa mbele.

Nimepanda maharage pale kama ulivyosema. Yameota. Joyness amepiga picha, ameituma leo kwa jina la Lameki, utaiona kabla ya barua hii. Usije ukaniandikia unalojua wewe.

Limebaki la herufi. Niliposoma nilichukua kopo la rangi nikaenda. Nikakaa pale. Mwalimu Kamala angecheka mpaka aanguke. Nimefikiri hivi: miaka arobaini na tisa nilimwita Lestituta. Nikiwa kibanjani, nikiwa njiani, nikiwa nimekasirika. Wewe nyumbani ulisikia. Kila mara alikuwa anaitika. Hakuna siku aliyoniambia, Tata, umekosea.

Kopo bado halijafunguliwa. Nifute au niache? Jibu.

Gozbert


Kashai
16 Septemba 2025

Babu,

Nimeandika nyuma ya barua yako ili Datius arudi nayo leo leo, yuko mlangoni ananisubiri.

Mistari ya maharage imepinda. Wa tatu ndio mbaya zaidi, unakwenda mpaka kwenye msalaba halafu unakimbia. Jumamosi nakuja na kamba, tuinyooshe.

Herufi iache.

Koku